Vifaa Vilivyokuwa Kijijini: Uchambuzi wa Kisa cha Madarasa Mawili

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka katika sekondari ya kata moja magharibi mwa Tanzania, kwenye ukanda wa tumbaku na mahindi. Majina ya kijiji, shule, wafanyabiashara na watu wote yameondolewa, na alama chache za mahali zimebadilishwa ili pasitambulike. Nilikuwa karibu na kamati ya ujenzi nikisaidia upande wa ufundi na vipimo, sikuwa mshika fedha wala mwajiri. Nimekiandika kwa ajili ya wakuu wa shule, watendaji na wanakamati wanaopokea fedha ya ujenzi mahali ambapo duka la maana la vifaa liko mbali, na mvua haimsubiri mtu.

Usuli

Mwaka 2022 serikali ilipeleka fedha za kujenga madarasa 8,000 ya sekondari nchi nzima, Sh milioni 20 kwa darasa, ili kidato cha kwanza cha Januari 2023 kipate pa kukaa. Mwaka mmoja kabla yake yalikuwa yamejengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, kwa kiwango hicho hicho. Utaratibu ulikuwa wa fosi akaunti: shule yenyewe inanunua vifaa, inaingia mkataba na fundi wa karibu, na kazi inasimamiwa na kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi.

Shule ya kisa hiki ilipata madarasa mawili, yaani milioni 40. Iko zaidi ya kilomita 70 kutoka mji wa wilaya, na katikati kuna mbuga ya udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata mvua zikinyesha. Lori lenye mzigo likikwama pale laweza kulala siku kadhaa. Ukanda ule una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Fedha iliingia Oktoba. Kamati ilikuwa na wiki chache za barabara kavu, na wiki hizo hizo shule nyingine za wilaya zilikuwa zinakimbilia maduka yale yale ya mjini.

Makadirio ya mhandisi wa halmashauri yalikuwa kamili kwa hesabu zake: tofali za saruji za inchi 6, mchanga, kokoto, mawe ya msingi, nondo, mbao, bati za geji 28 na kadhalika. Hayakusema kila kitu kingetoka wapi. Mkuu wa shule alipopiga simu mjini kuulizia bei ya kufikishiwa mzigo wote shuleni, ikaonekana kwamba kwa mchanga na kokoto nauli ilikuwa kubwa kuliko bei ya mzigo wenyewe.

Kikao cha kwanza

Pande mbili zilivutana. Upande mmoja ulitaka kila kitu kinunuliwe mjini ili risiti ziwe safi na mkaguzi asipate la kuuliza. Upande wa pili ulitaka nguvu za wananchi: kila kaya ilete matofali na mchanga bure, fedha ibaki kwa saruji na bati. Hoja zote mbili zilikuwa na msingi. Hoja za ukaguzi zimewaumiza wakuu wa shule wengi, na kata nyingi zimepandisha maboma yao, yaani kuta zisizoezekwa bado, kwa michango ya wananchi.

Fundi mkuu, mzee aliyejenga sehemu kubwa ya nyumba za bati za kata ile, aliuliza swali moja: nani katika kikao anajua ni kaya zipi zina matofali yaliyokwisha kuchomwa? Kila mtu alijua mbili tatu, za jirani zake. Hakuna aliyejua jumla. Kikao kikaahirishwa bila uamuzi, wakatumwa watu wanne wenye daftari, futi kamba, chupa tupu na ndoo ya lita 20 wazunguke vitongoji vyote. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora uliofanyika katika mradi mzima, na haukugharimu zaidi ya mafuta ya bodaboda.

Walichokikuta

Matofali yalikuwepo mengi kuliko alivyodhani yeyote. Watu wa ukanda ule hufyatua na kuchoma kiangazi, kisha huyaacha yamepangwa hata miaka miwili wakisubiri fedha ya bati. Lakini hayakulingana. Kila kaya ina kalibu yake, yaani umbo la kufyatulia, na kati ya tanuri moja na jingine urefu wa tofali ulitofautiana hata kwa sentimita mbili. Uivaji nao ulitofautiana: ya katikati ya tanuri yalikuwa mekundu na magumu, ya pembeni mengi yalikuwa nusu udongo.

Njia za kuyapima zilikuwa rahisi na kila mwanakijiji aliziona. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kama chuma, lisiloiva hutoa sauti nzito. Liachie kutoka usawa wa kifua lianguke ardhini: lililoiva halivunjiki. Lipime uzito likiwa kavu, lilaze ndani ya maji usiku kucha, lipime tena. Likiongezeka zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, linanyonya mno kwa ukuta wa nje. Mengine hayakufika kwenye mizani, kwani asubuhi yalikutwa yamelainika kingo ndani ya ndoo.

Mchanga ulipatikana sehemu mbili. Korongo la karibu, mwendo mfupi tu kutoka shuleni, lilikuwa na mchanga mwembamba wenye vumbi. Mto wa mbali ulikuwa na mchanga mkavu wa chembe kubwa. Hapo ndipo chupa ilipofanya kazi. Unaweka mchanga hadi karibu nusu, unaongeza maji yenye chumvi kidogo, unatikisa kwa nguvu, unaiacha itulie kwa saa tatu. Mchanga hukaa chini, na tope jembamba hubaki juu yake kama tabaka. Tope likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, zege litapoteza nguvu kwa sababu saruji itashikana na vumbi badala ya kushikana na chembe. Chupa ya korongo la karibu ilionyesha tabaka ambalo hata wazee wasiojua kusoma walilitazama wakatikisa vichwa. Ya mto wa mbali ilikuwa na mstari mwembamba tu.

Kokoto zilikuwa chini ya kilima cha mawe, kwa akina mama waliokuwa wakigonga kwa nyundo na kuuza kidogo kidogo kwa wanaojenga vyoo. Mwanakamati kijana alimuuliza aliyekuwa mkubwa wao, "Shikamoo mama. Mnaweza kutupa kokoto za darasa zima?" Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, kokoto hazina shida, shida ni mnakuja lini na mnalipa lini." Jibu hilo liliandikwa kwenye daftari kama lilivyo, na likaongoza mengi yaliyofuata.

Mirunda ya majukwaa na ya kuegemezea renta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ilipatikana kwa wakulima wa tumbaku waliopanda mikaratusi. Mbao za kenchi, yaani fremu za paa, zilikuwa jambo jingine. Mninga na mtundu vilikuwepo porini, lakini kuvuna kunataka kibali na mazao ya misitu hayasafirishwi bila hati. Wiki chache zisingetosha kuvipata, na mbao mbichi ikipigwa bati hukauka ikajikunja na paa zima likafuata. Hilo halikujadiliwa sana: mbao zingetoka mjini, za paini zilizotiwa dawa.

Maamuzi na sababu zake

Kamati ilikataa mchango wa bure. Sababu haikuwa huruma peke yake. Waliozunguka waligundua kwamba pale tetesi za "kuchangia" zilipotangulia, watu walisema matofali yao yameshauzwa. Walipoambiwa yatanunuliwa kwa fedha taslimu baada ya kupimwa, matanuri yakaonekana. Bei ilikubaliwa mbele ya wenyeviti wa vitongoji na ikawa moja kwa wote, isipokuwa kwamba tofali lisilofaulu halilipwi na mwenyewe analichukua.

Kuhusu risiti, mkuu wa shule alikwenda kwanza kwa mweka hazina wa halmashauri kabla ya kununua chochote. Wenye matofali na wagonga kokoto hawakuwa na TIN, namba ya mlipakodi, wala mashine ya EFD ya kutolea risiti. Walikubaliana juu ya hati ya malipo kwa kila muuzaji, yenye kiasi kilichopokelewa, saini au dole gumba, shahidi wa kamati ya mapokezi na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kuuliza kabla kuliondoa hofu iliyokuwa imeshika upande wa kwanza wa kikao.

Kokoto ziliagizwa siku ya kwanza, kabla hata msingi haujachimbwa. Hesabu ilifanywa hadharani. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la darasa la mita 9 kwa 7, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 6.3 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, linataka kokoto karibu mita za ujazo 5.5. Ndoo 50 za lita 20 hufanya mita moja ya ujazo, kwa hiyo ni zaidi ya ndoo 270 kwa jamvi la darasa moja tu, mbali na renta na nguzo. Hakuna mtu anayegonga kiasi hicho kwa wiki. Akina mama walilipwa kila Jumamosi kwa ndoo zilizopimwa, na ndoo ya kupimia ilikuwa moja, ya shule, iliyopigwa alama ya rangi.

Mchanga ulinunuliwa kwa ujazo badala ya "tripu". Tela la trekta lililokuwa likiuzwa kama mita tatu lilipimwa kwa futi kamba: urefu mita 3, upana mita 1.8, kina nusu mita. Hiyo ni 2.7. Mwenye trekta hakuwa mdanganyifu, alikuwa hajawahi kulipima. Bei ikarekebishwa bila ugomvi. Mtu anayepima mchanga kwa ndoo akumbuke pia kwamba mchanga wenye unyevu huvimba, wakati mwingine kwa robo nzima ya ujazo wake. Ndoo ya mchanga wa asubuhi yenye umande si sawa na ndoo ya mchana.

Saruji, nondo na bati ndiyo sehemu iliyonifurahisha zaidi. Duka la kijijini lilikuwa na mifuko michache ya saruji, imekaa sakafuni tangu masika, na mingine ilikuwa na mabonge. Saruji iliyokaa miezi mitatu kwenye ghala la kawaida huweza kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake, na hiyo ilikuwa imezidi. Kamati haikuinunua, lakini haikumwacha mwenye duka. Alikuwa na TIN, alikuwa na mashine ya EFD, na alijua jambo ambalo wengine hawakulifikiria: malori yanayokuja kuchukua mahindi hutoka mjini matupu. Aliyapigia simu madalali wa mahindi, saruji ikaja kwa nauli ndogo mno, na akalipwa faida yake kwa kila mfuko. Mzigo uliletwa kwa mafungu ili usikae, ukapangwa juu ya mirunda mbali na ukuta.

Nondo zilipofika, fundi mkuu aliomba mizani ya chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ile ya kupimia marobota ya tumbaku. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.66, na kumi zikifungwa pamoja zikaribie 107. Fungu la kwanza lilipungukiwa zaidi ya kilo kumi. Zilikuwa nyembamba kuliko zilivyouzwa, kwa jicho usingeona. Mwenye duka alizirudisha kwa gari lile lile la mahindi, na muuzaji wa mjini akabadilisha baada ya kuambiwa uzito kwa simu.

Tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine, zilijadiliwa pia. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezieneza kwa miaka mingi, na kikundi cha vijana mjini kilikuwa na mashine. Ziliwekwa kando kwa sababu moja tu, muda: tofali hizo zinataka kufunikwa na kumwagiliwa kwa wiki nzima, kisha zikae hadi zikomae, na mashine ilikuwa imeshaahidiwa shule nyingine.

Kazi ilivyokwenda

Msingi ulikwenda vizuri. Mawe yalikuwa karibu, vijana wa kitongoji walilipwa kwa ujazo, na mchanga wa korongo la karibu ulitumika kujazia ndani ya msingi tu, mahali ambapo vumbi lake halikuwa na madhara.

Ukuta wa kwanza ulileta shida. Matofali ya kaya nne yalikuwa yamemwagwa rundo moja, fundi akawa anaokota lililo mbele yake. Kozi, yaani mistari ya matofali, zikapanda na kushuka, viungo vikawa vinene, na saruji iliyokadiriwa kwa ukuta mzima ikaisha ukiwa usawa wa madirisha. Fundi mkuu alisimamisha kazi, akayatenga marundo kwa kalibu, na kuanzia hapo kila ukuta ulijengwa kwa matofali ya kaya moja. Matumizi ya saruji yakarudi kwenye makadirio. Ukuta wa kwanza ulihitaji lipu nene, na lipu hiyo ilikula mifuko ambayo haikuwa kwenye hesabu.

Kisha likaja suala la maji. Oktoba na mwanzo wa Novemba ni wakati ambao visima vya ukanda ule huwa chini kabisa. Mfuko mmoja wa saruji hutaka lita 25 hadi 30 za maji kwenye zege. Jamvi la darasa moja, linalokula karibu mifuko 40, hutaka lita 1,000 hadi 1,200 kabla hujamwagilia hata tone. Na zege linataka kumwagiliwa siku saba mfululizo angalau. Makadirio hayakuwa na mstari wa maji. Kamati nayo haikuuongeza. Waliajiriwa vijana wa baiskeli na madumu, wakati huo huo akina mama wa jirani wakiwa kwenye foleni ya kisima hicho hicho kwa ajili ya nyumba zao. Yalitokea maneno, na yalikuwa ya haki. Umwagiliaji wa jamvi la darasa la pili ukapunguzwa kuwa mara moja kwa siku, jioni, na siku mbili haukufanyika.

Mvua ya kwanza ilinyesha kabla ya bati kupigwa. Mchanga wa mto, ambao ulikuwa umenunuliwa wote mapema kwa uamuzi mzuri kabisa, ulikuwa umemwagwa juu ya udongo mtupu kwenye mteremko. Sehemu yake ikachukuliwa na maji, nyingine ikachanganyika na tope. Mto ulikuwa umeanza kupitisha maji, hivyo mchanga wa lipu ya mwisho ulibidi uchekechwe na kuoshwa kwenye mapipa, kazi ngumu ambayo ilimlazimu mtu kutafuta maji tena.

Matokeo

Darasa la kwanza lilikuwa tayari shule zilipofunguliwa Januari. La pili lilichelewa, na wanafunzi wake walibanwa kwenye vyumba vya zamani hadi lilipokamilika. Jamvi lake lilitoa nyufa nyembamba ndani ya miezi michache na pembe moja ikaanza kutoa unga; ilibidi sehemu hiyo ibomolewe na kumwagwa upya. Kuta za madarasa yote mawili ziko imara. Fedha ilitosha, bila deni kwa fundi wala kwa muuzaji, ila hakukubaki chochote cha viti na meza. Malipo ya matofali, mchanga, mawe, kokoto na mirunda yalibaki mikononi mwa watu wa kata ile ile. Mkaguzi alipopita aliuliza juu ya hati za dole gumba, akaonyeshwa daftari la mapokezi, na hakuandika hoja.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki husema siri ilikuwa bei ya kijijini kuwa ndogo. Sikubaliani. Tofali moja moja halikuwa rahisi sana ukihesabu yaliyokataliwa. Kilichookoa fedha ni kwamba kila kitu kilipimwa kabla ya kulipwa: tela kwa futi kamba, tofali kwa maji, mchanga kwa chupa, nondo kwa mizani ya tumbaku. Vipimo hivyo vilikuwa wazi kwa muuzaji kama vilivyokuwa kwa mnunuzi, na ndiyo maana aliyekataliwa hakununa. Katika kijiji ambacho mjumbe wa kamati na mwenye matofali huenda ni shemeji, kipimo kinachoonekana na wote humlinda mjumbe asilazimike kusema "hapana" kwa kinywa chake.

Kuanza na kitu kinachochelewa kulisaidia kuliko ratiba yoyote. Kokoto za mkono ndizo zilizokuwa na mwendo mdogo, zikaagizwa kwanza, na kazi haikusimama hata mara moja kwa kukosa kokoto. Mantiki hiyo haikutumika kwa maji, na hapo ndipo darasa la pili lilipoumia. Maji ni kifaa cha ujenzi sawa na saruji. Yangepaswa kuwa na mstari wake, bei yake, mahali pa kuhifadhia, na makubaliano na watumiaji wa kisima juu ya saa za kuchota. Mapipa machache yaliyojazwa usiku, wakati foleni haipo, yangetosha kwa sehemu kubwa ya tatizo.

Mchanga uliopotea haukupotea kwa sababu ya mvua. Mvua ilitarajiwa, ndiyo sababu ulinunuliwa mapema. Ulipotea kwa kukosa kozi moja ya matofali yaliyokataliwa kuuzungushia na turubai moja la kuutandikia. Kamati ya mapokezi ilijiona imemaliza kazi pale tela lilipomwaga. Majukumu yake yangefika hadi pale fundi anapochukua beleshi.

Juu ya mwenye duka, nina angalizo. Alifanya kazi njema, lakini mradi ulimtegemea yeye peke yake kwa vitu vyote vya kiwandani. Angepata dharura, au angepandisha bei baada ya mbuga kufungwa, kamati isingekuwa na pa kwenda. Namba za madalali wawili au watatu wa mahindi zingeandikwa kwenye daftari tangu mwanzo.

Kuna pia suala la kuni, ambalo halikuhesabiwa na mtu kwa sababu matofali yalikuwa yameshachomwa. Kila ukuta wa matofali ya kuchoma umekula miti, katika ukanda ambao ukaushaji wa tumbaku unakula miti hiyo hiyo kila mwaka. Kwa madarasa haya, kununua yaliyokwisha kuwepo kulikuwa sahihi. Kwa jengo lijalo, bei nzuri ya tofali la kuchoma itawasha matanuri mapya, na hilo ni jambo la kulipinga mapema.

Kijiji sasa kinataka nyumba ya mwalimu. Udongo umeshapimwa kwa kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4: unajazwa udongo wenye unyevu, unaachwa ukauke, kisha inapimwa nafasi iliyobaki. Udongo mweusi wa mbugani ulipungua mno, ukawekwa kando. Udongo mwekundu wa upande wa kilima ulipungua milimita 22, ambayo kwa jedwali la mashine za tofali za kufungamana ni sehemu moja ya saruji kwa 16 za udongo. Mashine imeombwa kwa Juni, barabara ya mbuga ikiwa kavu na visima bado vina maji, na kwenye makadirio yake mstari wa kwanza ni mapipa manne.